Tangi Lisilo na Samaki

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu kwa daktari wa meno hapa Mwanza. Mahali pa kusubiri wameweka tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, na ndani yake samaki wa njano wanazungukazunguka kwenye mawe meupe. Mwanangu akaenda kubandika pua kwenye kioo. Mimi nilibaki kitini. Sikuwa nawaangalia samaki. Ilikuwa ile harufu, chumvi na jiwe lililolowa, na nyuma yake kitu kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa na miaka kumi na moja. Nesi alipofunga mlango wa nje ili vumbi lisiingie, nilisimama bila kufikiri nikaenda kuufungua.

Katika umri huo tulikuwa tunakaa kijiji kimoja cha Butiama, mimi, mama na bibi mzaa baba. Baba alikuwa machimboni, alikuja mara mojamoja. Mwaka ule likizo ndefu ilipokaribia, wasichana wa darasa langu hatukuwa na habari nyingine ila sherehe. Ilikuwa zamu yetu. Bibi alishaninunulia kitenge cha rangi ya machungwa na kandambili mpya, akaviweka juu ya kabati, na kila jioni alinishushia nivitazame. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Hapakuwa na mtu niliyempenda kama yeye. Kuhusu tohara yenyewe nilijua kile tulichoambiwa: kwamba ni jambo la mara moja, kwamba ukilia unauaibisha ukoo, na kwamba ukitoka huko umekuwa mtu. Niliwaona wa mwaka uliotangulia wakirudi. Walitembea polepole sana, miguu imeachana, wamezungukwa na wanawake wanaoimba, nami nikadhani huo ndio mwendo wa maharusi. Mimi na rafiki yangu Nyangeta tuliuigiza nyuma ya nyumba mpaka mbavu zikauma kwa kucheka.

Alfajiri moja mama akaniambia nimfuate mashineni, tukasage. Alijitwika ndoo ya mahindi. Mashine ilikuwa upande wa mtoni, sisi tukashika njia ya barabarani. Nikamwambia amekosea njia. Akaongeza mwendo. Kituoni aliiacha ndoo kwa mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi, tukapanda basi la Musoma, na mahindi yale sijui yaliishia wapi. Stendi tulipokelewa na mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Mama hata hakukaa.

"Utamsaidia mama mdogo kazi," aliniambia. "Usitoke nje ya geti. Mtu akikuita, hata kama unamjua, usimfungulie."

"Mpaka lini?"

"Nitakuja."

"Na sherehe?"

Alinifunga kifungo cha gauni ambacho hakikuwa kimefunguka, akarudi kwenye basi. Nilimwona dirishani. Aliangalia mbele tu.

Nilichokielewa mimi ni hiki: mama amenitoa niwe mfanyakazi wa ndani. Na amefanya hivyo kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuniandalia sherehe kama mama zao wengine, basi ameona bora anifiche kuliko kuaibika. Nilimchukia kwa hilo, na nilimchukia kimyakimya kama mtoto anavyochukia, nikiwa nafagia.

Nyumba ya mama mdogo ilikuwa Bweri, mpya, haijapigwa lipu, imezungushiwa ukuta wa matofali ulionizidi kimo mara mbili. Geti lilikuwa la chuma, jeusi, lenye kidirisha kidogo cha kuchungulia. Ukipanda juu ya karo la kufulia uliona ziwa katikati ya mapaa mawili, kipande chembamba kama utepe. Mama mdogo alikuwa anauza dagaa soko la Mwigobero. Aliondoka asubuhi, akafunga geti, akatia ufunguo kwenye pochi. Mume wake alikuwa mwalimu wa baiolojia sekondari, na likizo ile alifundisha tuisheni Kamunyonge mpaka saa sita. Kwa hiyo asubuhi zote nilibaki peke yangu na tangi.

Tangi lilikaa sebuleni, juu ya meza nzito ya mbao, mahali ambapo nyumba nyingine huweka televisheni. Baba mdogo alikuwa mtu wa Pangani. Alikuja Mara kwa ajili ya ajira, akaoa, akajenga, lakini bahari haikumtoka. Kiswahili chake kilikuwa tofauti na chetu, laini, hakigongigongi.

"Wanafunzi wangu wanamchora pweza kutoka kitabuni kama mtu anayechora jini," aliniambia. "Wala siwalaumu. Nataka shule ikifunguliwa niwalete hapa, darasa mojamoja, waone kiumbe wa bahari anavyopumua."

Majirani walimcheka. Ziwa lote lile, Mwalimu, na wewe unapika maji ya chumvi? Naye alikuwa anacheka nao.

Siku yangu ya pili pale ndipo alipoyatengeneza maji yenyewe. Aliyakinga ya mvua kwenye pipa, akamimina chumvi aliyoagiza Dar, akakoroga kwa mwiko wa ugali, akatumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea, akatazama, akaongeza. Akapanga mawe meupe yenye matundu, mepesi kama mifupa ya zamani. Akawasha pampu na taa. Maji yalikuwa meupe, yanatembea, yamewaka kama duka la mjini, na ndani yake hapakuwa na kitu.

"Samaki wako wapi?" nikamuuliza.

"Bado, mwanangu. Maji mapya haya. Ukimtia samaki leo, kesho amekufa."

"Yana nini?"

"Hayana kitu, ndiyo taabu yake. Lazima kwanza yaote wadudu, wadogo sana, huwaoni kwa macho. Samaki akijisaidia anatoa sumu, na hao wadudu ndio wanaoila. Wasipokuwapo, sumu inabaki, inamuua mwenyewe aliyeitoa."

Halafu akachukua kipande cha sangara mbichi, akakifunga kwenye soksi ya nailoni, akakining'iniza ndani ya maji kioze. Alinieleza kwamba sumu ya kuoza ndiyo itakayowaita wadudu. Mimi niliposikia wadudu niliwaza siafu. Na nilipoona soksi ile inalegea siku hadi siku na nyama inapungua, niliamini kabisa kwamba mle ndani mna kitu kisichoonekana, kikubwa kuliko siafu, na kwamba baba mdogo anakilisha. Nikawa nakula chakula cha mchana nimeegemea ukuta wa mbali, miguu juu ya kiti, uso kwenye tangi.

Umeme ukikatika pampu ilizima, na hapo kazi ilikuwa yangu. Nilisimama kwenye stuli nikachota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, kuchota na kumimina, ili yasikose hewa. Kuna asubuhi nilichota saa tatu nzima. Mkono uliniwasha kwa chumvi. Nje nilisikia watoto wa jirani wakiitana kwenda kuogelea, na bodaboda zikishuka kuelekea mjini, na mimi nimefungiwa na maji yasiyo na mtu ndani yake, nikiyapa pumzi.

Kila alasiri tulipima. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji ya tangi kwa bomba la sindano na kujaza kichupa mpaka kwenye mstari. Yeye alitia matone ya dawa, akatikisa, tukasubiri rangi dirishani. Kijani ni sumu. Njano ni salama.

"Ikija njano siku mbili mfululizo," alisema, "ndipo tunaita samaki."

Ilikuwa kijani. Kesho yake kijani. Wiki ikaisha, kijani, mpaka ikawa kama ya majani ya mgomba.

Siku moja nililia. Nilimwambia mama mdogo nataka kurudi nyumbani, kwamba wenzangu wanaingia na mimi nitabaki mtoto peke yangu. Alikuwa anachambua dagaa uani, anatoa mchanga. Hakuinua kichwa.

"Utaenda samaki wakishaingia," alisema. "Sasa nyamaza."

Alilisema kama mtu mzima anavyomtupia mtoto neno lolote ili anyamaze. Mimi nililipokea kama kiapo.

Kuanzia siku hiyo nilikodoa macho mchana kutwa kwenye kioo. Mawe yakaota utando wa kahawia, kama kutu. Nikamuuliza baba mdogo kama yameharibika, akasema ni dalili njema, maji yanakua. Lakini kichupa kilikuwa kijani. Nilihesabu matofali ya ukuta. Nilifanya mazoezi ya ule mwendo wa maharusi uani, peke yangu, toka kwenye karo mpaka getini na kurudi, ili nikifika nyumbani nisiwe nimesahau. Nilijua siku zinakwisha. Na mwili wangu ulianza kuona kuta zinasogea. Nikilala mchana niliota niko ndani ya tangi, nimesimama kwenye yale mawe, na Bibi yuko nje ya kioo ananionyesha kitenge.

Pembeni ya meza palikuwa na ndoo ya maji ya mvua, ya kuongezea yanayokauka. Alasiri moja baba mdogo alikuwa anatafuta miwani yake chumbani. Nilichukua bomba, nikalitumbukiza kwenye ndoo badala ya tangi.

Ikaja njano. Njano safi, kama siagi.

Alikishika kile kichupa kwenye mwanga muda mrefu. "Imeshuka ghafla," alisema. Kesho yake nikafanya vilevile. Sasa ninavyoukumbuka uso wake, naona kwamba mwalimu mzima wa baiolojia alipaswa kushangaa zaidi. Lakini naye alikuwa amesubiri sana. Rafiki yake alikuwa anasafiri kwa ndege kutoka Dar hadi Mwanza wiki ileile, na nafasi ya kubebewa samaki haikuwa ya kila siku. Akapiga simu.

Walikuja wanne, ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa hewa, ndani ya boksi. Wadogo, wa njano, wana mstari mweusi jichoni. Baba mdogo aliuelesha mfuko juu ya maji, akaufungua, akawa anawaongezea maji ya tangi kidogokidogo kwa kikombe changu kilekile, anazungumza nao. Alipowaachia walijificha kwenye matundu, kisha mmoja akatoka, akafuata mwanga. Mama mdogo alikuwa amesimama na kanga mdomoni. Walipogeuka walinikuta mlangoni nimebeba mfuko wangu wa nguo, nimevaa viatu.

"Unaenda wapi?" mama mdogo akauliza.

"Nyumbani. Samaki wameingia."

Hakukumbuka. Alimtazama mumewe, mumewe akamtazama yeye. Kisha akaja akanivua mfuko begani, taratibu, na hapo nikaelewa kwamba hapakuwa na kiapo chochote.

Asubuhi yake samaki wote wanne walikuwa juu, midomo nje ya maji, wanatweta. Baba mdogo alichota maji mwenyewe, akatia matone mwenyewe. Kijani.

Hakugeuka. "Ulichota wapi, mwanangu?"

Nikanyoosha kidole kwenye ndoo.

Nilingoja kipigo. Alivua shati, akaanza kutoa maji kwa ndoo na kutia mengine, na sisi wote wawili tulifanya hivyo mpaka adhuhuri. Wawili walikufa kabla hatujamaliza. Wa tatu alikufa mkononi mwake. Wa nne alihimili mpaka jioni. Aliwafunga kwenye gazeti akawafukia kwenye tuta la mchicha, akanawa mikono, akamwambia mkewe mbele yangu:

"Mwambie mtoto. Tumemfungia kwenye giza, halafu tunamlaumu akipapasa."

"Dada alikatazaga nisimwambie."

"Dada yako hayupo hapa. Mwambie."

Tulikaa jikoni, kwenye vigoda. Mama mdogo alikuwa mwongeaji mkubwa, sokoni walimjua kwa sauti, lakini siku ile alitafuta maneno kama mtu anayetafuta sindano. Aliniambia kwamba kwao, kwenye vijiji vya ziwani upande wa Bunda, hawanaga tohara ya wasichana, na mama aliijua baada ya kuolewa. Aliniambia inafanywa kwa nini na wapi mwilini. Kisha akataja jina la dada yangu, Wegesa, aliyekufa nikiwa bado natambaa. Nyumbani tulisema alikufa kwa homa.

"Haikuwa homa," mama mdogo alisema. "Damu ilikataa kukata. Walimficha ndani siku mbili, wanaogopa kumpeleka hospitali wasiulizwe. Mama yako alikuwa amekwenda msibani kwetu. Aliporudi alimkuta kwenye mkeka, na kile kitenge chake bado amevaa."

Nilikumbuka ule mwendo. Nikakumbuka nilivyoutembea uani, toka karoni mpaka getini. Nilitapika pale pale, kwenye majivu.

Aliponisafisha alifungua pochi, akatoa ufunguo wa geti, akaniwekea mkononi. "Mimi nina mwingine," alisema. "Sasa unajua. Ushike mwenyewe."

Nilifikiri ufunguo ungenifanya nijisikie huru. Wapi. Kabla yake nilikuwa nimefungiwa na watu, na mtu aliyefungiwa anaweza angalau kununa. Sasa geti lilikuwa langu, na nyuma yake kulikuwa na nyumbani kwetu kote, na nisingeweza kwenda. Baba mdogo alianza upya: maji mapya, kipande kingine cha sangara, soksi nyingine. Sikukiogopa tena kile kilichokuwa mle ndani. Nilichota, nikajaza kichupa, na alipouliza nimechota wapi nilijibu, "Humu," naye alikubali bila kuhakikisha.

Siku kama ya tano hivi, nikiwa peke yangu, geti liligongwa kwa jiwe dogo, mara tatu. Nikachungulia kwenye kidirisha. Niliona kilemba, kisha jicho.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema. "Nimekupata."

Nikamwamkia. Akaitikia, akaniambia nimekonda, akaniuliza kama wananipa uji. Sauti yake ilinifanya nitake kupita kwenye tundu lile dogo nikakae mapajani pake.

"Fungua basi. Nimetoka na giza, nimepanda magari mawili. Miguu hii unaijua."

"Nimekatazwa, Bibi."

"Umekatazwa, na mimi nikiwa nani? Ufunguo wanao wao?"

Niliushika ufunguo. Ulikuwa kwenye mfuko wa gauni, unanichoma pajani. Nilimsikia akikaa chini, mgongo wake ukaegemea chuma, geti likalia. Nami nikakaa upande wangu. Tulikaa hivyo. Alinisimulia habari za nyumbani: ng'ombe amezaa dume, paa la jiko limeanguka, Nyangeta ameshaingia na kutoka salama, hakulia.

"Bado siku mbili sherehe zifungwe," alisema. "Tukiondoka sasa hivi tunawahi. Kitenge ninacho hapa."

Akakipenyeza ncha yake kwenye kidirisha nikione. Kilikuwa kina harufu ya kabati lake.

"Naomba maji," akasema baadaye.

Nilimletea kikombe, nikampa kidirishani, vidole vyetu vikakutana. Alikunywa yote. Nilimwona koo linavyopanda na kushuka, na nikamuuliza kile ambacho sikupanga kuuliza.

"Bibi, Wegesa alikufa na nini?"

Kikombe kilishuka. Mtaani ilipita pikipiki, ikaenda mpaka sauti yake ikaisha.

"Nani kakwambia habari za Wegesa?"

"Alikufa na nini?"

Hakusema ni homa. Nilingoja aseme, na ninaamini angesema ningefungua geti, kwa jinsi nilivyotaka iwe homa. Badala yake aliuliza kwa sauti ndogo, kama anayemuuliza mtu mzima mwenzake:

"Unaniogopa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hata mimi niliogopaga," alisema. "Nilikuwa mdogo kuliko wewe."

Alikivuta kile kitenge, akakikunja mara nne kwa utaratibu wake, akakirudisha kwenye kikapu. Alinirudishia kikombe. Kisha nikasikia kandambili zake zikishuka ile njia ya mawe, polepole, zikisimama, zikiendelea. Nilibana uso kwenye chuma mpaka sikuzisikia. Mama mdogo aliponikuta alasiri nilikuwa bado pale, nimekumbatia kikombe kitupu.

Maji yaliiva shule zilipokuwa zimeshafunguliwa. Ilikuja njano ya kweli, siku mbili, na baba mdogo akangoja wiki nzima zaidi kabla ya kuita samaki wengine. Hao waliishi. Wanafunzi walikuja, darasa mojamoja, wakavua viatu mlangoni. Mimi nilihamishiwa shule ya Musoma na sikurudi kijijini. Mama ndiye aliyelipia. Ukoo wa baba ulimtimua kwa sababu yangu, akarudi kwao Bunda kulima pamba ya baba yake, na Nyangeta aliolewa kabla ya matokeo ya darasa la saba kutoka.

Bibi hakuja tena getini, wala hakumtuma mtu. Kwa miaka mingi niliamini amenikasirikia, na alikufa nikiwa chuoni kabla sijamuuliza. Mwaka jana tu mama aliniambia kilichotokea. Siku ile Bibi aliporudi kijijini, baba zangu wakubwa walikuwa wamekodi gari, wanamsubiri yeye awaonyeshe njia wakanichukue kwa nguvu. Bibi aliketi, akavua kandambili, akawaambia amezunguka Musoma nzima na nyumba hakuiona.